Mama Mkwe na Matone ya Bata

Mpangaji aliamka asubuhi ile pua zote mbili zimeziba. Akakata kitunguu, akakisogeza karibu kabisa na pua, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akajaribu sabuni. Akajaribu soksi za jana. Wapi! Angekuwa dereva au fundi umeme angekunywa chai ya tangawizi, akaenda zake kazini. Lakini yeye kazi yake ilikuwa kunusa, na siku ya kunusa kuliko siku zote ilikuwa ndiyo hiyo.

Mimi ni mtu wa mashine ya vizibo katika kiwanda cha bia, mwaka wa kumi na moja sasa, na mashine yangu inatazamana na mlango wa Mpangaji. Kwa hiyo haya ninayosimulia mengi niliyaona kwa macho yangu. Yaliyotokea nyumbani na njiani alinieleza mwenyewe, na mengine nikayapata kwa mkewe, ambaye hawezi kuyasimulia bila kukaa chini kwanza acheke.

Kiwanda chetu kilikuwa cha bia tu tangu kilipojengwa. Miaka miwili iliyopita Tajiri, mwenye kiwanda, alirudi kutoka safari akiwa ameshikwa na wazo la kutengeneza wiski. Si nyingi, pipa moja moja, ya kuringia. Akatoa makreti kwenye stoo ya nyuma, akasimika mtambo mdogo wa shaba wenye tumbo la mviringo na shingo ndefu iliyopinda, utadhani bata anayejichungulia kitovu. Kisha akamwajiri bwana mmoja mpole mwenye miwani, aliyekuwa akipika wiski kiwanda kingine. Sisi tukamwita Mpangaji, maana alikuwa na chumba kimoja ndani ya nyumba ya watu. Maji ya shayiri anapewa na sisi, hamira anapewa na sisi, mvuke wa kuchemshia unatoka kwenye boila yetu, hata ufagio ni wetu. Mtambo wake tukauita Bata.

Aliyemchukia Bata kuliko wote alikuwa Povu, mpishi wetu mkuu wa bia, mtu mfupi mwenye kitambi kinachotangulia na yeye anafuata. "Mimi nampa maji mazuri ya shayiri, lita mia tano," alikuwa akilalamika kila mchana wakati wa chakula. "Anayachemsha, anayachemsha tena, mwisho anabaki na ndoo mbili. Huo ni ufundi au ni hasira?"

Kwa asiyejua, mambo yenyewe ni hivi. Bata akichemka, mvuke unapanda shingoni, unapita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, unatoka ukiwa matone. Matone ya mwanzo ni mabaya, yanaumiza kichwa na yanachoma pua. Hayo huitwa kichwa, hayanywewi. Ya katikati huitwa moyo, hayo ndiyo yanaingia kwenye pipa la mwaloni. Ya mwisho ni mkia, nayo yanatengwa. Kuna kipimo cha kioo kinachoelea na kukwambia ukali, lakini hakijui harufu. Wapi kichwa kinaishia, wapi mkia unaanza, hapo ni pua ya mtu. Ukikosea dakika kumi, pipa zima litakaa miaka mitatu likinuka kosa lako.

Na Mpangaji alikuwa ameshakosea. Pishi lililotangulia lilipotoka, Tajiri aliinua glasi, akanusa, akaishusha polepole. "Hii," akasema, "ni mbwa aliyenyeshewa." Akampa nafasi moja ya mwisho, Ijumaa saa nane mchana kabla hajakwenda kupanda ndege. Mambo yakiharibika, Bata anauzwa na makreti yanarudi mahali pake.

Ijumaa ndiyo hiyo aliyoamka nayo na mafua.

Sasa, nyumbani kwake kulikuwa na mgeni, mama mzaa mkewe. Mama huyu ni muuguzi mstaafu, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Kina Mama Wapinga Ulevi. Binti yake alipoolewa na Mpangaji, mama aliuliza bwana anafanya kazi gani, na binti akajibu, "Anashughulika na shayiri." Mama akadhani uji. Hakuna aliyemwambia kwamba si uji. Yeye naye akawa anamtazama mkwe wake kama mtu anavyomtazama mwanamume mzima anayekoroga uji kwa mshahara.

Jambo la pili kuhusu mama huyu ni pua yake. Maziwa yakiwa jikoni, yeye akiwa chumbani, anakwambia, "Yale yanaisha kesho asubuhi." Aliwahi kumrudishia fundi cherehani gauni jipya akisema limelaliwa na paka, tena paka mgonjwa. Fundi akaapa kwa majina yote, kisha akakiri.

Asubuhi ile Mpangaji alitoka mbio akasahau dawa yake ya kudondosha puani juu ya meza. Mkewe alikuwa ameshakwenda kazini. Mama akaiona, akaiweka kwenye mkoba, akauliza njia.

Nilimwona anaingia saa nne kasoro. Mwanamke mrefu, kilemba kimesimama wima, mkoba kwapani, anatembea kama anakagua gwaride. Kibao cha jina la kiwanda kilikuwa kimeshushwa getini kipakwe rangi, na siku hiyo tulikuwa tunapika, na kiwanda cha bia kikiwa kinapika hunuka uji kabisa. Kwa hiyo hakushtuka. Alisimama mbele ya tangi namba nne, ambako Povu alikuwa anaandika kwenye daftari lake.

"Shikamoo, mama," Povu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Tangi hili mmetia siagi?"

Povu akacheka. "Hapana mama. Hili halitiwi siagi."

"Basi imejitia yenyewe," mama akasema, akaendelea na safari yake.

Alipofika mlangoni kwa Mpangaji, yule bwana alikuwa amesimama mbele ya Bata, glasi tupu mkononi, macho mekundu, pua imevimba kama nyanya. Alipomwona mama mkwe wake, glasi ilimponyoka, akaidaka kwa goti.

"Sh... shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesahau dawa." Akaangaza macho chumbani, akanusa mara mbili. "Hapa kuna kitu kimechacha."

"Ndiyo, mama. Shayiri. Inachachushwa, halafu inachemshwa."

"Inatoka nini?"

Mimi nilisimamisha mashine yangu ili nisikie vizuri. Mpangaji akapangusa miwani. Aliniambia baadaye kwamba alitafuta neno lisilo la uongo, akapata moja tu.

"Spiriti, mama."

Uso wa mama ukabadilika. Nakwambia, ulifunguka kama dirisha. "Spiriti? Spiriti ya kufutia, kabla ya sindano?"

"Mama, spiriti... ni spiriti."

"Miaka yote hii husemi!" Akamshika bega. "Mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini na mbili. Unajua ni mara ngapi tumekosa spiriti? Na wewe umekaa kimya tu, unaacha watu wadhani unakoroga uji! Unyenyekevu gani huu?"

Mpangaji akafungua mdomo amweleze. Hapo hapo Bata akaanza kudondosha.

Ilibidi anuse. Akakinga glasi, akanusa, akapiga chafya ndani yake. Akakinga nyingine. Hakusikia kitu. Akaniita nimsaidie. Nikanusa nikasikia bia, maana mimi baada ya miaka kumi na moja hata maua nasikia bia. Akaketi juu ya kreti, akashika kichwa.

"Unatafuta nini?" mama akauliza.

"Matone ya mwanzo ni mabaya, mama. Natakiwa kujua yanapokwisha, ndiyo nigeuze bomba. Na leo sisikii chochote. Mwenye kiwanda anakuja saa nane, na ikiharibika hii, mtambo unaondoka na mimi naondoka nao."

"Yaani hospitali zikose spiriti kwa ajili ya mafua? Lete hapa."

Akaichukua glasi, akaisogeza puani kwa mbali, kama mtu anayenusa mtoto. "Rangi ya kucha," akasema. "Na gundi ya viatu."

Mpangaji aliinuka kama amechomwa sindano. Hicho ndicho kichwa, sawasawa kabisa.

Mama akavuta kreti, akalipangusa kwa leso, akaketi karibu na bomba, magoti pamoja, mkoba mapajani. Kila baada ya dakika chache Mpangaji anampa glasi, na yeye anatoa taarifa kama mtu wa redioni.

"Bado kucha."

"Kucha, lakini mwenye kucha anaaga."

"Ameshafika mlangoni. Anavaa viatu."

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kuwasha mashine. Wenzangu wawili walikuja kuuliza chupa zimekwama wapi, wakabaki wamesimama.

"Ameondoka!" mama akasema. "Sasa kuna ndizi mbivu. Ndizi, na mkate unaotoka tanurini."

Mpangaji akageuza bomba hata miwani ikamtoka usoni. Moyo ukaanza kuingia kwenye chombo cha chuma, mweupe kama maji ya chemchemi. Saa tano, ndizi. Saa sita, mama akasema ndizi imepungua, sasa ni asali na nyasi zilizokatwa. Mpangaji akapata hata nafasi ya kutia ile dawa puani, isimsaidie kitu.

Katikati ya hayo Povu akatokea mlangoni. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya mbele ya mtu yeyote, hata Tajiri.

"Mama, samahani. Ile siagi uliyosema... ni mbichi au iliyoyeyushwa?"

"Iliyoyeyushwa. Na inaongezeka."

Povu akapauka. Tangi namba nne lilikuwa limepangwa kupoozwa mchana ule, na bia ikipoozwa kabla hamira haijamaliza kazi yake, ile harufu ya siagi inabaki humo milele. "Nilikuwa naitazama hii bi..." Mpangaji akamkodolea macho kwa nguvu zote. "Hii bidhaa," Povu akamalizia, "naitazama tangu juzi, sikusikia." Akatoka mbio kwenda kuzuia tangi lisipoozwe, kitambi mbele.

Saa saba na robo mama akainua mkono. "Simama. Kuna karatasi. Daftari la shule lililoloa mvua."

Mpangaji akatazama kipimo. "Mama, kipimo kinasema bado. Tukiendelea nusu saa tunapata lita nyingi zaidi."

"Kipimo kina pua?"

"Hakina, mama."

"Basi funga."

Akafunga, mkia akauelekeza kwenye ndoo ya pembeni.

Sasa tatizo likawa moja tu, kumwondoa mama kabla Tajiri hajafika. Mpangaji akamwambia akapumzike nje kwenye kivuli. Akakataa. Akamwambia akapate chai ofisini. Akakataa. "Nimesimamia kazi toka asubuhi, halafu bosi akija mimi nikajifiche? Kwani nimeiba?"

Tajiri akaingia saa nane kamili, mtu mwembamba, tai imenyooka, begi la safari mkononi. Povu alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Povu nusu ya kiwanda. Akamsalimia mama kwa heshima akidhani ni mkaguzi. Kisha akachukua glasi, akakinga kidogo kutoka kwenye chombo, akatia maji matone mawili, akanusa. Mpangaji alikuwa amefumba macho.

Tajiri akainua glasi, akanywa.

"ANAKUNYWA SPIRITI!"

Sauti ile ilitikisa chupa. Sijui mama alivukaje chumba kile, lakini kabla hatujapepesa macho glasi ilikuwa ukutani na Tajiri alikuwa chini, kalazwa ubavu, mama kamkalia mapajani asifurukute, vidole viwili vikimpima mapigo ya moyo shingoni.

"Wewe, lete maji! Wewe, maziwa! Wewe mwenye kitambi, piga simu hospitali, waambie mtu mzima amekunywa spiriti, ana fahamu!"

"Mama," Tajiri akasema kwa sauti iliyobanwa, "ni wiski."

"Ameanza kuweweseka."

"Wiski, mama! Ni wiski!"

"Ndiyo baba, tulia, ni wiski," mama akambembeleza, akimpapasa nywele. Kisha akatugeukia. "Mnamwona? Imeshampanda kichwani. Maziwa yako wapi?"

Hakuna aliyesogea. Povu alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia. Mmoja wetu tayari alikuwa amelala juu ya makreti, mabega yanamtetemeka. Mpangaji akavua miwani, akaivaa tena, akapiga moyo konde.

"Mama, mwachie. Ni kweli. Ni wiski."

Mama akaondoa vidole shingoni mwa Tajiri. Bata peke yake ndiye aliyeendelea kudondosha.

"Umesema spiriti," mama akasema taratibu.

"Ndiyo, mama. Lakini siyo ya sindano. Hiki ni kiwanda cha bia. Na chumba hiki ni cha wiski. Ningekwambia mapema, nikaogopa."

Mama aliinuka, akajikung'uta gauni, akaokota mkoba. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alitutazama mmoja mmoja, kila aliyetazamwa akatazama viatu vyake.

Tajiri alibaki amekaa sakafuni, tai imemzunguka mpaka mgongoni. Alikuwa analamba midomo. Akalamba tena. "Nani amekata moyo huu?" akauliza.

Pale Mpangaji angeweza kusema ni yeye. Angebaki na kazi, angebaki na Bata, na hakuna kati yetu ambaye angemsaliti, nadhani. Lakini akasema, "Siyo mimi, bosi. Mimi leo sinusi hata moshi. Ni mama mkwe wangu."

"Huyu aliyenikalia?"

"Huyo huyo."

"Mama," Tajiri akasema, bado yuko chini, "sijawahi kuonja pishi bichi safi kama hili. Sijawahi."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama. Hakugeuka. "Umesema safi?"

"Safi kabisa."

"Hukusikia daftari lililoloa?"

"Sikusikia daftari lolote."

"Kwa sababu nilikata mapema. Kipimo chao kilitaka kuliingiza." Akasema hivyo, akaondoka, kilemba wima.

Tajiri alijinyoosha tai, akampa Mpangaji mkono, akasema Bata haendi popote, ila apatikane mtu wa kumbembeleza yule mama. Kisha akawahi ndege yake.

Mpangaji alimkimbilia mama, akamkuta nje ya geti. Wakatembea barabara nzima, Mpangaji hatua moja nyuma. Walipofika kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi, mama akasema, "Miaka sita unanidanganya."

"Sikudanganya, mama. Nilinyamaza."

"Unajua kilichoniuma? Siyo pombe. Pombe nimepigana nayo, naijua. Kilichoniuma ni kwamba pale kwenye kreti nilikuwa nimeshaanza kutunga barua kichwani, niwaandikie wenzangu wa Umoja kwamba mkwe wangu anatengeneza spiriti. Nilikuwa nimefika kwenye 'kwa fahari kubwa.'"

Mpangaji alisema hapo ndipo alipojisikia vibaya kuliko wakati wowote siku ile. Akapiga chafya tu. Mama akampa leso yake.

Wakatembea tena. Kisha mama akauliza, "Na ile ya mwanzo, ya kucha. Mnaipeleka wapi?"

"Kichwa? Hakinywewi, mama. Tunafutia meza na vyombo."

"Inaua vijidudu?"

"Inaua kabisa."

Mama akasimama katikati ya njia, watu wakampita huku na huku. "Basi hiyo ni spiriti."

"Ndiyo... naam, mama. Hiyo ni spiriti."

"Na mimi kazi niliyofanya leo ni kuitenganisha spiriti na pombe."

Mpangaji hakuwa mjinga. "Kabisa, mama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

"Kinachobaki baada ya hapo ni mambo yenu. Mimi sikijui."

Barua kwa Umoja iliandikwa. Mkewe Mpangaji aliisoma kabla haijatumwa. Ilisema kwamba mwenyekiti, kwa mkono wake mwenyewe, ameanza kuondoa sumu ndani ya pombe, tena ndani ya ngome ya adui, na kwamba kazi hiyo inamlazimu kuwa karibu na ngome hiyo kila Ijumaa. Wanachama walimjibu kwa kumpongeza.

Tajiri alipopigiwa simu alikubali masharti yote matatu ya mama, yaani kiti chenye mto, hakuna mtu kunywa mbele yake, na Povu anawe mikono kabla ya kuleta cha kunuswa. Maana Povu naye sasa kila Ijumaa huja na jagi lililofunikwa kitambaa, anamwomba mama anuse "bidhaa". Mama hunusa, humwambia kasoro zake zote, na Povu huandika.

Ijumaa iliyofuata Mpangaji alikuwa amepona mafua. Bata akaanza kudondosha, mama akiwa kwenye kiti chake, na Mpangaji akanusa glasi akasema, "Sasa tugeuze." Mama akasema bado dakika nne. Mpangaji akasema, kwa heshima zote, mama, tayari. Mama akasema heshima haina pua. Walibishana hapo, wakabishana bomba lilipogeuzwa, wakabishana wakiosha vyombo, na jioni wakawa bado wanabishana wakielekea getini, mikono inapaa, mama na mkwe ambao kwa miaka sita walikuwa wanapeana shikamoo na marahaba basi.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa mkewe Mpangaji. "Eti ni kweli?" akauliza. "Mama anagombana naye?"

Nilitoka nje ya mlango, nikainyoosha simu kuwaelekea, nikaishika hivyo hivyo mpaka walipokata kona.